Hesabu Kabla ya Kuchuma

Wahenga walinena kwamba usilolijua ni usiku wa kiza. Msemo huo hutajwa mara nyingi, lakini ni mara chache kupimwa ndani ya nyumba yenye mtoto mgonjwa, huku sufuria imekwisha kuwekwa jikoni. Ulipimwa huko Port Bell, kando ya Ziwa Viktoria, mwezi wa Aprili mwaka 2023, katika nyumba ya koplo mmoja wa polisi. Na aliyeupima alikuwa binti yake wa miaka kumi na miwili.

Port Bell iko ukingoni mwa Ghuba ya Murchison, upande wa Luzira, mwendo wa kilomita zipatazo kumi kutoka katikati ya mji wa Kampala. Jina lake lilitokana na Hesketh Bell, aliyeitawala Uganda kwa niaba ya Waingereza tangu mwaka 1906 hadi 1909. Hapo reli huishia majini, na kwa miaka mingi meli zimepokea hapo mabehewa ya mizigo ya kwenda Mwanza na Kisumu. Kuna kiwanda cha bia, kuna gereza kubwa, kuna wavuvi na wachuuzi wa mukene. Na katikati yao wote huishi askari pamoja na jamaa zao.

Nyumbani kwa koplo huyo waliishi watu watano. Koplo mwenyewe alikuwa zamu mara kwa mara, siku nyingine mbali na mji. Mkewe aliuza maandazi asubuhi. Binti alikuwa Darasa la Sita. Mdogo wake wa kiume alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, ndiyo kwanza anaanza kukimbia. Wa tano alikuwa babu yao, sajini mstaafu, aliyewahi kutumikia mashua za doria ziwani katika miaka ya 1990, na ambaye sasa kazi yake kubwa ilikuwa kukaa kwenye kigoda barazani na kusikiliza redio.

Mambo yalianzia shuleni. Mwalimu wa sayansi aliwaonyesha watoto kitabu cha maua kilichopigwa chapa Uingereza, na ndani yake mlikuwa na picha ya ua liitwalo airisi: ua la zambarau, lenye doa la manjano kwenye petali. Aliwaeleza kuwa jina hilo lilitoka kwa Wayunani wa kale, nao waliliita hivyo kwa sababu ya rangi zake, kwani kwao neno hilo maana yake ni upinde wa mvua. Kisha akawaachia kazi ya nyumbani: kila mmoja atafute ua la jamii hiyo lililoota lenyewe porini, alilete darasani.

Binti hakusumbuka sana. Jioni hiyo hiyo alishuka ziwani, akarudi na ua zuri mno la zambarau, lenye doa la manjano lililozungukwa na buluu. Akampelekea babu yake kwa furaha.

"Babu, tazama! Nimepata airisi."

Mzee alilitwaa ua lile, akaligeuza mara moja, akamrudishia.

"Mjukuu wangu, huyu si mgeni kwangu. Hili ni gugumaji. Liliwahi kunifunga mimi na mashua yangu tangu asubuhi hadi magharibi, nami niliiona nchi kavu kwa macho nisiweze kuifikia."

Ndipo akamsimulia. Gugumaji asili yake ni Amerika ya Kusini, katika nchi za mto Amazon. Watu walilisafirisha duniani kwa ajili ya uzuri wake tu, wakalipanda katika vidimbwi vya bustani, nalo likatoroka. Katika Ziwa Viktoria lilionekana kuelekea mwaka 1990. Mwanzoni wapo waliolipenda, wakaliweka katika beseni barazani lipambe nyumba. Lakini mmea huo, ukipata maji ya joto yenye rutuba, waweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi. Katikati ya miaka ya 1990 gati la Port Bell lilizingirwa na zulia la kijani. Meli zilishindwa kutia nanga, wavuvi walishindwa kutoka, na huko Jinja mitambo ya umeme ilisumbuliwa. Mwishoni mwa mwaka 1995 wataalamu wa Uganda walianza kuwaachia ziwani fukusi wadogo kutoka Amerika ya Kusini, ambao chakula chao ni gugumaji. Mashine nazo zikatumika kulivuna. Hadi kufikia mwaka 1999 sehemu kubwa ya zulia lile ilikuwa imetoweka, ijapokuwa mmea wenyewe haukuisha mpaka leo.

"Tulilikaribisha kwa sababu ya sura yake," alisema Mzee. "Hapana aliyeuliza jina."

Binti alihuzunika, lakini kesho yake alilichukua ua lile vivyo hivyo akampelekea mwalimu. Mwalimu hakumcheka. Alimwambia ahesabu vijiti vya chavua vilivyo ndani ya ua, ambavyo vitabu huviita stameni. Binti akahesabu: vitatu. Mwalimu akalipasua ua kwa ukucha kuanzia juu hadi chini, na humo ndani zaidi, vikiwa vifupi na vimejificha, vilikuwamo vingine vitatu. Jumla sita.

"Hilo ndilo kosa la wengi," alisema mwalimu. "Huhesabu vinavyoonekana, wakasahau vilivyofichwa."

Siku hiyo darasa zima lilifundishwa njia ya kuitambua jamii ya airisi, nayo si ngumu hata kwa mtu asiyepata kusoma sana. Kwanza, ua la jamii hiyo lina petali sita, au tuseme tatu na tatu, lakini stameni zake ni tatu tu. Si nne, si sita. Pili, kifuko cha mbegu kiko chini ya petali, mahali ua linaposhikana na kikonyo, wala hakimo ndani ya ua. Tatu, majani yake kwa kawaida ni marefu kama panga, nayo hupangwa kwa kukumbatiana pale chini mithili ya upepeo uliokunjuliwa. Nne, chini ya udongo huwa na tunguu la mviringo, au shina nene mfano wa tangawizi. Ua likishindwa katika jambo moja kati ya hayo, lisipewe jina hilo kwa haraka. Gugumaji lilishindwa karibu katika yote: stameni zake ni sita, kifuko chake kimo ndani ya ua, na majani yake ni ya duara juu ya vikonyo vilivyovimba kama vibofu vya hewa.

Mwalimu aliongeza jambo lililowashangaza watoto. Airisi yenyewe haioti porini katika Uganda. Aina zake, zinazokaribia mia tatu, ni za nusu ya kaskazini ya dunia, na katika Afrika huonekana kule kaskazini tu, nchi kama Moroko na Algeria. Lakini ndugu zake wamejaa katika bara letu. Jamii nzima ina aina zaidi ya 2,000, na nyingi kabisa ziko upande wa Afrika Kusini. Katika Afrika ya Mashariki wako wanaojulikana: Dietes, yenye ua jeupe lenye manjano na zambarau katikati, ambalo huchanua siku moja tu likanyauka, Aristea, yenye maua madogo ya buluu yanayofunguka asubuhi na kujifunga jua linapopanda, Moraea, inayofanana mno na airisi hata ikaweza kumdanganya mzoefu, na Gladiolus, yenye ua la rangi ya chungwa au nyekundu lililoinama kama kofia. Hawa wa mwisho ndio wazazi wa baadhi ya maua ya bustani yauzwayo mjini kwa ajili ya harusi.

Kisha mwalimu aling'oa ua moja la Gladiolus katika bustani ya shule, akawaonyesha tunguu lake: la mviringo, limebonyea kidogo kama kitunguu kilichokaliwa, limevikwa nyuzinyuzi kavu. Akawaonya kwamba kuijua jamii si kuujua usalama. Kwani huko Afrika Kusini ziko aina za Moraea ambazo ng'ombe akizila hufa.

Jumamosi iliyofuata Mzee alifuatana na mjukuu wake kutafuta. Walipita kando ya reli, wakapanda mteremko wa majani, na baada ya saa nzima waliliona ua la rangi ya chungwa limesimama peke yake, lenye majani kama panga. Binti alihesabu mara mbili. Tatu. Akatazama chini ya petali: kifuko kipo. Akachuma ua moja tu, mzizi akauacha, akalibana ndani ya daftari na kuandika mahali na tarehe. Jioni majirani wote walionyeshwa ua hilo, naye Mzee akawa anajisifu kana kwamba ni yeye aliyeliumba.

Siku ya Jumatano mtoto mdogo alianza kuhara. Hadi Alhamisi mchana alikuwa ametoka mara nyingi, amelegea, hataki uji. Koplo alikuwa zamu mbali. Mama mtu alikuwa na wasiwasi, na wasiwasi wa mama hausubiri.

Mle mle katika nyumba za askari alikuwako mama mmoja mtu mzima, mke wa askari mwenziwe koplo, aliyelea watoto sita na kuheshimiwa na wote. Watoto walimwita Mama Mkubwa. Yeye alikumbuka kuwa kwao kijijini, mtoto akihara, wazee walichimba tunguu la ua la rangi ya moto, wakalichemsha. Wala hakuwa akizua: katika sehemu nyingi za Afrika tunguu la Gladiolus limetumiwa na waganga wa kienyeji kwa kutibu tumbo. Naye alikuwa ameliona ua lile ndani ya daftari siku ya Jumamosi. Basi alitoka na jembe lake hadi kwenye ua wa miti ulio karibu na ufuko, ambako alijua kuna mmea wenye maua ya rangi ya moto. Alichimba mahali maua yalipokwisha kupukutika, akarudi na mizizi pamoja na kipande cha shina, akamkabidhi mama mtoto kwa moyo mweupe.

Binti aliporudi kutoka shule alikuta maji yanachemka juu ya jiko la makaa na mizizi imeoshwa, imewekwa kwenye sahani.

"Mama, hii imetoka wapi?"

"Mama Mkubwa ametuletea. Ni mzizi wa lile ua lenu wewe na Babu. Ni dawa ya mdogo wako."

Binti aliutwaa mzizi. Haukuwa wa mviringo, wala haukuwa na nyuzinyuzi. Ulikuwa mrefu, laini, umepindika na kugawanyika pande mbili kama vidole viwili vilivyofungwa pamoja. Akatwaa shina. Majani yake hayakuwa mapanga. Na ncha ya kila jani ilikuwa nyembamba, imejikunja kama uzi wa kukamatia.

"Mama, naomba usiuchemshe kwanza."

Mama Mkubwa, aliyekuwa ameketi mlangoni, alikunja uso. "Mtoto wa juzi anifundishe mimi dawa? Nimelea sita."

Kimya kilitanda. Katika desturi zetu mtoto hamrudi mkubwa, na binti alikwisha kuinamisha kichwa. Ndipo Mzee alipozima redio yake, akasimama.

"Shemeji," alisema kwa upole, "hapana anayekufundisha. Mtoto anahesabu tu, na kuhesabu si utovu wa adabu. Maji yatachemka tena. Twende sote ukatuonyeshe mmea wenyewe."

Waliteremka pamoja hadi kwenye ule ua wa miti. Mmea ulikuwa umepanda juu kwa kujishika kwa ncha za majani yake. Ua moja lilikuwa limebaki, zuri kupita kiasi: petali nyekundu zenye ukingo wa manjano, zimepinduka kwenda juu kama ndimi za moto. Mzee hakumruhusu binti ahesabu. Alimwomba Mama Mkubwa mwenyewe. Yule mama alinyosha kidole, akahesabu kwa sauti, naye akaifika sita. Akatazama kifuko cha mbegu. Kilikuwa kinaning'inia ndani ya ua, wala si chini yake. Haukuwa mmea wa jamii ile hata kidogo.

Mama Mkubwa aliketi juu ya majani. "Ningemwua mtoto wa watu," alisema.

"Ulikuja kuokoa," alijibu Mzee. "Rangi ndiyo iliyokudanganya, kama ilivyotudanganya sisi sote kwa gugumaji."

Walimchukua mtoto mara moja hadi kituo cha afya, na mizizi ile wakaifunga katika gazeti wakaichukua pia. Mganga aliyekuwa zamu aliitambua. Mmea huo wataalamu huuita Gloriosa superba, na sehemu zake zote zina sumu iitwayo kolchisini, hasa mizizi. Sumu hiyo, kwa kipimo kidogo sana kinachotengenezwa kiwandani, ni dawa ya ugonjwa wa jongo. Lakini mzizi wa porini hauna kipimo. Kuuchemsha hakuiondoi sumu, bali huihamishia ndani ya maji. Kisha akasema neno ambalo mama mtoto hakulisahau: aliyekunywa sumu hiyo, baada ya saa chache, huanza kutapika na kuhara. Maana yake ni kwamba mama angaliona mtoto anazidi kuhara, akadhani ugonjwa umekaza, akamwongeza kikombe kingine.

Mtoto alipewa dawa ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, pamoja na vidonge vya zinki vya siku kumi na nne. Usiku ule mama na Mama Mkubwa walipokezana kumnywesha kijiko kwa kijiko mpaka alfajiri. Hadi Jumamosi alikuwa anaomba andazi. Koplo aliporudi alisimuliwa habari yote. Hakusema mengi, ila alimwita binti yake, akampigia saluti barazani mbele ya watu, kama ampigiavyo mkubwa wake.

Habari hii yafaa kukumbukwa katika kila nyumba ya askari, kwa kuwa askari huhamishwa. Leo yuko Port Bell, kesho Gulu au Mbarara, na mkewe hukutana na majani yasiyo ya kwao. Ua la kijijini kwako laweza kuwa na mfano wake kule uliko, wenye rangi ile ile na tabia nyingine kabisa. Kwa hiyo, ukitaka kulitambua ua la porini, lichume likiwa zima. Hesabu stameni baada ya kulipasua. Tazama kifuko cha mbegu kilipo. Tazama jani tangu shina hadi ncha. Na tazama kilicho chini ya udongo. Nawa mikono umalizapo. Ukikwama, lipeleke kwa mwalimu, au kwa wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Makerere, au wa bustani ya mimea ya Entebbe iliyoanzishwa mwaka 1898. Hata ukilitambua barabara, usimnyweshe mtoto mzizi wake; kulijua jina ni jambo moja, kukijua kipimo ni jingine.

Na mtoto akihara, dawa ya kwanza imo jikoni. Chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, utie vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa, ukoroge hadi viyeyuke. Mnyweshe kidogo kidogo kila atokapo, uendelee kumnyonyesha na kumlisha, na usiyatumie maji hayo baada ya siku moja kupita. Akiwa na damu katika choo, akiwa macho yameingia ndani, akishindwa kunywa, au akilegea, usingoje: mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo.

Mama Mkubwa na Mzee waliung'oa mmea ule wote ulio karibu na nyumba, wakiwa wamevaa mifuko mikononi, wakaufukia mbali na watoto na mifugo. Tangu hapo yule mama hajaacha mapenzi yake ya maua. Ila kila aletapo moja jipya kutoka matembezini, huliweka mezani, huita kwa sauti ya kusikika hadi nyumba ya nne, "Mwanangu, njoo unihesabie," na hukaa kando akingoja jibu.